Muziki mzito na wafu wetu: albamu saba za mwaka 2024

Tarehe 2 Novemba 2024 iliangukia Jumamosi. Asubuhi jumuiya nzima ya seminari ilikwenda makaburini kuwaombea marehemu wote, na alasiri tulirudishiwa simu zetu kwa zile saa chache za mwisho wa juma. Sisi mafrateri wanne wa falsafa tukaketi nyuma ya bweni, chini ya mwembe, na spika moja ndogo na bando la kuchangiana. Jana yake, siku ya Watakatifu Wote, bendi ya Uingereza iitwayo The Cure ilikuwa imetoa albamu yake ya kwanza baada ya miaka 16. Tukaipakua na kuisikiliza yote, nyimbo nane, bila kuruka hata mmoja.

Mmoja wetu alikuwa amemzika mama yake mwezi Agosti. Alirudi seminarini baada ya siku saba, akaendelea na masomo, akafanya mitihani, na kila aliyempa pole alimjibu, "Nashukuru, Mungu ni mwema." Hatukumwona akilia hata siku moja. Ulipofika wimbo wa sita, ambao mwimbaji Robert Smith anamlilia kaka yake aliyefariki, ndugu yetu aliinamisha kichwa akalia. Tulinyamaza. Wimbo ulipokwisha alisema neno moja tu: "Urudieni."

Wakati huohuo frateri mwingine alipita akielekea kanisani. Akasimama, akasikiliza kidogo, akauliza, "Siku ya marehemu, nyinyi mnasikiliza muziki wa shetani?" Hatukumjibu siku ile. Makala hii ndiyo jibu letu, na tunaitoa kwa heshima, kwa sababu swali lake si la kipuuzi.

Hoja ya upande wa pili

Tuanze kwa kumpa haki yake. Muziki wa metali umewahi kuwa na aibu za kweli. Mwaka 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen nchini Norwei, liliteketezwa kwa moto, na katika miaka ile vijana wa kundi moja la muziki huo walipatikana na hatia ya kuchoma makanisa mengine ya nchi hiyo. Zipo nyimbo zinazotukana, na zipo zinazopamba mauaji. Hatusemi kila albamu iletwe bwenini, wala hatusemi mtoto wa shule ya msingi apewe spika yetu.

Hata mwalimu wetu Plato angekuwa upande wa mpita njia yule. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, anataka tuni za maombolezo ziondolewe kabisa katika mji wake bora. Zibaki zile zinazofaa kwa mtu jasiri vitani na kwa mtu mwenye kiasi wakati wa amani. Kwake, kilio kikipewa muziki kinamlegeza mlinzi wa mji.

Lakini sisi tunasoma pia Maungamo ya Mtakatifu Augustino, na kitabu cha tisa kinatuonesha jambo ambalo Plato hakuliona. Monika alipofariki huko Ostia mwaka 387, Augustino alimfumba macho mama yake akajizuia kulia. Mbele ya watu alizungumza kwa utulivu, na wengi wakadhani hana uchungu. Alikwenda hata kuoga akitumaini kwamba maji yatamwondolea huzuni, na haikuondoka. Akalala. Alipoamka peke yake kitandani alikumbuka beti za wimbo wa Ambrosi, na hapo ndipo machozi yakatoka. Mtu mwenye akili kubwa kuliko wote wa zama zake hakufunguliwa na hoja wala na maji ya bafuni. Wimbo ulikuwapo pale machozi yalipopata njia. Naye anamwomba msomaji asimcheke.

Huyo Augustino ndiye aliyekuwa chini ya mwembe wetu tarehe 2 Novemba. Kwa hiyo sisi tunapendekeza kipimo kingine. Tusiulize kwanza kama muziki una kelele, kama waimbaji wamevaa nguo nyeusi, au kama gitaa linaumiza masikio. Tuulize: muziki huu unawafanyia nini wafu? Unawalilia, unawasikiliza, au unawageuza mchezo?

Jioni moja ya Paris

Mfano ulio wazi zaidi wa mwaka huu haumo katika albamu yoyote. Tarehe 26 Julai, katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini Paris, bendi ya Kifaransa ya Gojira ilipiga kwenye kuta za Conciergerie, pamoja na mwimbaji wa opera Marina Viotti. Mamilioni ya watu walisikia metali kwa mara ya kwanza usiku ule. Sisi tunaipenda Gojira. Wapiga gitaa wake hawakosei, na mpiga ngoma wake Mario Duplantier ni miongoni mwa walio bora duniani.

Hata hivyo tulikereka. Conciergerie ndilo gereza alimofungwa Malkia Marie Antoinette kabla ya kukatwa kichwa mwaka 1793. Katika onesho lile mwanamke asiye na kichwa alisimama dirishani akiwa amekishika kichwa chake, wimbo wa mapinduzi ukapigwa, na mabaki ya karatasi nyekundu yakamwagika kama damu. Mengi yalisemwa baadaye kuhusu sehemu nyingine ya sherehe ile, na maaskofu wa Ufaransa walitoa masikitiko yao. Sisi kilichotugusa ni hiki: maelfu walichinjwa katika miaka ile, mapadre wakiwemo, na mbele yetu vifo vyao vilikuwa fataki. Kelele ya Gojira ni ileile ya albamu tunazozisifu hapa chini. Kilichopotea ni huzuni.

Kwa kipimo hicho tukapanga orodha yetu, kutoka ya saba hadi ya kwanza.

7. Judas Priest, Invincible Shield

Bendi hii ya Birmingham ilianza mwaka 1969, na hii ni albamu yake ya 19. Ilitoka tarehe 8 Machi. Mashairi yake ni yaleyale ya ngao na ushujaa, na hatutadai kwamba yana kina. Tumeiweka hapa kwa sababu ya miili ya waliopiga. Rob Halford alikuwa na miaka 72 na bado sauti yake inapanda juu kama king'ora. Glenn Tipton, ambaye mwaka 2018 ilitangazwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, ameendelea kushiriki kadiri mikono yake inavyomruhusu. Mpiga gitaa Richie Faulkner alipasuka mshipa mkuu wa moyo akiwa jukwaani mwaka 2021, akamaliza wimbo, akapelekwa hospitali. Ukijua hayo, wimbo wa ngao isiyoshindwa unasikika tofauti. Wazee hawa wanajua vizuri kwamba ngao itashindwa.

6. Knocked Loose, You Won't Go Before You're Supposed To

Vijana hawa wa Kentucky, Marekani, wametoa nyimbo kumi kwa dakika zisizofika 28. Ni albamu ngumu; wawili kati yetu hawakuweza kuimaliza mara ya kwanza. Jina lake, kwa Kiswahili, ni kama kusema kwamba hutaondoka kabla ya wakati wako. Ni faraja aliyopewa mwimbaji Bryan Garris na abiria mwenzake, siku ndege ilipokuwa ikitikisika naye akiwa na hofu kubwa. Bibi zetu husema siku ikifika imefika. Kijana akalichukua neno la faraja la mtu asiyemfahamu, akaliweka juu ya muziki wa hofu tupu, bila kujifanya kwamba hofu imekwisha. Tunaona huo ni uaminifu.

5. Blood Incantation, Absolute Elsewhere

Hii ilitoka tarehe 4 Oktoba, kazi ya bendi ya Denver. Ina tungo mbili tu, kila moja ikiwa na sehemu tatu na kuchukua takriban dakika 20. Waliirekodi Berlin katika studio za Hansa, ambako David Bowie alirekodi moja ya kazi zake maarufu mwaka 1977. Unasikia ngoma za kasi na sauti ya kunguruma kutoka kooni, kisha mlango unafunguka, na dakika kadhaa zinapita kwa vinanda vya umeme peke yake, taratibu kama anga la usiku. Katika sehemu moja yumo Thorsten Quaeschning wa kundi la Kijerumani la Tangerine Dream.

Hawa hawalilii mtu. Wanauliza binadamu ametoka wapi na yuko wapi katika ulimwengu mkubwa namna hii. Majibu yao hatuyakubali, lakini swali tunalifahamu, kwa sababu ndilo tunaloanza nalo kila asubuhi darasani katika somo la metafizikia. Kama albamu moja ya mwaka huu inaweza kumfanya kijana atazame juu, ni hii.

4. Lord Spikeheart, The Adept

Hapa tunafika nyumbani, Afrika Mashariki. Lord Spikeheart ni Martin Kanja, Mkenya. Wengi walimfahamu mwaka 2020 kupitia kundi la watu wawili lililoitwa Duma, ambalo albamu yake ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwetu tunaosema Kiswahili, duma ni yule mnyama mwenye mbio. Kwa Kikuyu neno hilo linabeba giza. The Adept ndiyo albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, na imetoka kwenye lebo yake mwenyewe, Haekalu, jina ambalo sikio la Mswahili halihitaji kutafsiriwa.

Muziki wake ni metali iliyochanganywa na midundo ya kompyuta, na juu yake mayowe. Maneno mengi hayasikiki, na tunakiri kwamba mara ya kwanza tulidhani ni fujo. Kisha tukajua kwamba Kanja ni wa ukoo wa Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyekuwa na cheo cha Field Marshal katika Mau Mau. Muthoni alikaa msituni miaka mingi, akatoka Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, na nywele zake za msituni hazikunyolewa hadi mwaka 2022. Alifariki Septemba 2023, miezi michache kabla ya albamu hii kutoka.

Tuliisikiliza tena tukiwa na habari hiyo. Yapo mambo yaliyotendeka katika misitu na kambi za miaka ya 1950 ambayo wazee wengi walikufa bila kuyasimulia. Tunadhani mjukuu anaweza kupiga yowe pale ambapo bibi alifunga mdomo. Wanaosema metali ni muziki wa Wazungu waliokosa kazi waanzie hapa.

3. Opeth, The Last Will and Testament

Opeth ni bendi ya Stockholm, na albamu yao ilitoka tarehe 22 Novemba. Ni hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, baba tajiri amefariki, na watoto wake watatu wameitwa nyumbani kusomewa wosia. Nyimbo saba za mwanzo hazina majina. Zina namba tu, kama vifungu vya hati ya mwanasheria. Wa nane tu ndio wenye jina. Kifungu baada ya kifungu siri za baba zinatoka, nani ni damu yake na nani siye. Ian Anderson wa Jethro Tull anapiga filimbi na kusoma baadhi ya maneno.

Kiongozi wao, Mikael Åkerfeldt, hakuwa ameunguruma katika albamu tangu mwaka 2008. Sasa amerudia, na sisi tuliusikia mngurumo ule kama sauti ya marehemu mwenyewe, bado akitawala nyumba kutoka kaburini. Ni mara chache mbinu ya muziki inakuwa na sababu iliyo wazi hivyo.

Nani kati yetu hajaona matanga yakigeuka kuwa baraza la mirathi? Maua hayajanyauka juu ya kaburi, na ndugu wa baba mmoja wameshaanza kuitana mahakamani. Wengi wetu, Mungu akipenda, tutakuwa mapadre tutakaoitwa katika nyumba za namna hiyo. Albamu hii ingeweza kusikilizwa katika darasa la kichungaji bila aibu yoyote.

2. Nick Cave and the Bad Seeds, Wild God

Hii si metali. Ni roki mbadala yenye kwaya na piano, na ilitoka tarehe 30 Agosti. Nick Cave, Mwaustralia aliyeishi miaka mingi Uingereza, alimpoteza mwanawe Arthur mwaka 2015, kijana wa miaka 15 aliyeanguka kutoka kwenye jabali karibu na Brighton. Mwaka 2022 akampoteza mwanawe mwingine, Jethro. Albamu zake za 2016 na 2019 zilikuwa nyumba za msiba. Katika hii dirisha limefunguliwa. Katika wimbo mmoja kijana anamtokea usiku na kumwambia kwamba wakati wa furaha umefika. Katika mwingine anamkumbuka Anita Lane, rafiki na mshirika wake wa zamani aliyefariki mwaka 2021, na tunaisikia sauti ya Anita mwenyewe ikizungumza kama mtu aliyepiga simu kutoka chumba cha pili.

Wimbo mmoja unaitwa kwa jina la wongofu, na hatujui Cave amefika wapi katika safari yake ya imani. Tunachojua ni kwamba furaha ya albamu hii haijaruka kaburi. Imepita katikati yake. Watatu kati yetu tuliipa nafasi ya kwanza.

1. The Cure, Songs of a Lost World

Ndugu yetu aliyefiwa ndiye aliyepinga. Alisema, "Furaha ya Cave ina miaka tisa. Mimi nina miezi minne." Tukatazamana, tukabadili kura.

Robert Smith alizaliwa mwaka 1959. Katika miaka hii 16 ya ukimya wa bendi yake aliwazika baba yake, mama yake na kaka yake. Albamu yenyewe haina haraka. Wimbo wa kwanza unakaribia dakika saba, na zaidi ya dakika tatu zinapita kabla hujasikia sauti ya binadamu. Ni vyombo tu, vizito, vinasogea kama msafara nyuma ya jeneza. Wimbo wa mwisho unapita dakika kumi, na unaisha bila kuleta suluhisho. Smith hasemi kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Anasema kilichopotea kimepotea, na anakitaja.

Hapo ndipo mpita njia wetu atauliza: je, Mkristo anaweza kuishia hapo? Jibu letu ni kwamba hawezi kuishia hapo, lakini anaweza kulazimika kupita hapo, na Biblia yenyewe inamruhusu. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kufunga gizani, bila ule ubeti wa matumaini ambao zaburi nyingine za maombolezo hutupa. Kanisa halikuiondoa. Tunaisali kila Ijumaa katika Sala ya Mwisho, kabla ya kulala.

Kwa nini tunaandika haya

Albamu si sala, na spika si tabernakulo. Kama ndugu yetu angeacha kumwombea mama yake akabaki na The Cure, tungemwambia amepotea njia. Lakini tunaogopa jambo jingine zaidi. Sisi tunalelewa kuwa watu wa kuzika watu. Katika miaka michache ijayo tutasimama mbele ya majeneza mengi, ya watoto, ya kina mama, ya vijana wa bodaboda. Na lugha tunayojizoeza, kwaya na vinanda hata siku ya mazishi, mara nyingi ni ya kuharakisha: usilie, ni mapenzi ya Mungu, jikaze, wewe ni mwanaume. Mababu zetu walikuwa na nyimbo za kulilia maiti na wanawake waliojua kuziongoza. Wengi wetu hatuzijui tena. Padre ambaye hajawahi kuruhusiwa kulia atawanyamazisha waombolezaji wake, na ataita unyamazishaji huo imani.

Tungependa zaidi kama ndugu yetu angeliliwa na kwaya yetu. Hilo halikutokea. Kwa miezi miwili na zaidi tuliishi naye meza moja tukimsikia akisema Mungu ni mwema, tukaridhika. Aliyemfungua ni Mwingereza mzee mwenye nywele timutimu asiyemjua kabisa. Hilo linatuhukumu sisi kabla halijawa sifa ya The Cure.

Kwa hiyo, kaka uliyepita ukielekea kanisani, swali lako tumelichukua kwa uzito. Jumamosi ijayo tutakuwa mahali palepale baada ya kurudishiwa simu. Njoo na hoja zako, na ukipenda njoo na wimbo wa maombolezo wa kwenu. Ndugu yetu ameomba tuanze na huo.